Wifi Amebakiza Vitabu Vinavyong'aa

Mpendwa mshauri,

Jumanne iliyopita, kati ya saa tatu na saa sita nikiwa kazini, vitabu vyangu kumi na tisa vya mapishi vilitoka nyumbani bila ruhusa yangu, na naomba msaada kabla sijasema neno lisilorudi mdomoni.

Mimi ni mpishi wa shughuli, nilianza na sufuria mbili za kuazima na leo nalisha watu mia tatu kwa siku, sikusomea popote, shule yangu ni vitabu hivyo, kila kimoja nimekisahihisha kwa penseli pembeni, maana kitabu kinasema kijiko kimoja cha chumvi kwa watu sita, ukizidisha mara hamsini hakuna atakayekula, vinatakiwa vijiko thelathini na nane, na hiyo thelathini na nane nimeipata kwa kuharibu chakula mara nne.

Sasa mume wangu alitengeneza rafu sebuleni, inaingia vitabu kumi na viwili, akaniambia nichague vya kubaki, nikasema nitachagua, huu ni mwezi wa pili maboksi ya vitabu yako koridoni tunayaruka. Basi dada yake, anayekaa nasi, akaona anisaidie. Akabakiza vyenye picha na majalada mazima, saba kati ya hivyo ni zawadi zake mwenyewe za miaka yote, sijakipikia hata kimoja, kingine bado kimo kwenye nailoni, na vile vya mafuta na masizi akampa mwenye duka la kona afungie karanga. Nilipomuuliza, akanijibu huku anakunja nguo, "Wifi, vile vilinuka kitunguu. Mgeni akiingia atasema nini?"

Mume wangu anasema tununue vingine. Penseli yangu nitainunua wapi?

Sitaki methali. Wifi aondoke au asiondoke? Nataka kulisoma jibu kwenye gazeti la Ijumaa asubuhi, maana Jumamosi nina watu mia tatu.

Mpishi wa Mia Tatu

*

Mpishi wa Mia Tatu,

Haondoki.

Pole, kwa kweli. Kilichopotea si karatasi, ni mkono wako. Lakini mama, duka liko kona, nawe umekaa ukaniandikia barua! Weka gazeti chini uende. Karanga hazifungwi zote kwa wiki moja. Vilivyokwishachanwa, viandike upya kwenye daftari leo hii. Aliyeharibu chakula mara nne hasahau namba.

Wifi yako amekosa, amegusa kisicho chake, na umwambie hivyo mkiwa wawili, kaka yake asiwe katikati. Ila na wewe uliambiwa uchague, ukaruka maboksi miezi miwili. Na umehesabu mpaka chumvi, hukuhesabu kwamba mtu amekuletea zawadi saba, hukuipikia hata moja, mwisho akazipanga mwenyewe mahali zitakapoonekana.

Rafu ihamie jikoni. Kitabu kinachofunguka chenyewe kwenye ukurasa ule ule kinabaki, kinuke kisinuke. Usichokipikia mwaka mzima kinatoka, hata king'ae vipi. Zile saba tu ndizo usizitoe peke yako. Jumapili, shughuli ikishaisha, bandika maji, mwite wifi yako jikoni, chana ile nailoni mbele yake, mpe penseli aandike pembeni. Kisha muulize: "Wifi, katika hivi saba, ulitamani nikupikie nini?"

Akujibu kabla maji hayajachemka.