Siku Niliyoshika Gongo la Waairishi

Mjukuu wangu Neema,

Hali yenu huko Galway, Ayalandi? Sisi hapa Kings Heath tu wazima. Goti la babu yako limepona, na jana alitembea mwenyewe mpaka dukani. Mama yako ameniambia wenzako wa hurling, ule mchezo wa magongo wa Waairishi, wanakuita msaliti kwa sababu unacheza soka pia, mchezo wanaouona wa Waingereza, nawe unaniuliza uchague upi.

Nilipokuja hapa Birmingham nikiwa muuguzi kijana, nilipanga chumba kwa mama Muairishi. Wanawe wawili hawakuwa wakielewana. Declan alipenda hurling. Sean alikuwa mtu wa soka, na mchezo wa kakake aliuita vita vya wakulima.

Jumapili moja nilikwenda kutazama, na timu ya Declan ikapungukiwa na mtu uwanjani. Nikasema, "Nipeni gongo. Shuleni Kenya nilicheza hoki." Wote walicheka, na Sean, aliyekuja kuwakejeli tu, akacheka kuliko wote.

Mpira uliponifikia niliupiga kwa nguvu, ukapaa juu ya mwamba wa goli. Kwao hiyo ni pointi! Kicheko kilikatika. Kisha nikasikia mtu akipiga kelele, "Huyo anakaa kwetu! Huyo ni wetu!" Alikuwa Sean, ameingia uwanjani mbio, amemkumbatia kakake.

Wiki iliyofuata Declan alikwenda kumshangilia Sean kwenye soka.

Cheza yote miwili, mama. Nakuja Pasaka, na uwanja wowote utakaoingia, watajua wewe ni mjukuu wa nani.

Nyanya yako,
Raheli