Kamba ya Nchi Kavu

Nuala, nashona wavu huku nakuandikia.

Leo nilishika kamba ya nchi kavu, ile inayoshikilia ncha ya wavu ufukweni, kazi ya marehemu baba. Fiachra, mkuu wa boti, na wenzake wakapiga makasia kuuzungusha wavu pale mdomoni mwa mto. Samaki aina ya samoni kama tisa ndani, tuliwaona. Maji ya kupwa yakaivuta boti, nami nikavutwa nayo mpaka maji yakanifika kifuani.

Nikaachia kamba. Samoni wote wakatoka, wavu ukachanika kwenye mawe.

Unajua Fiachra alisema nini? “Bora ungezama nayo.”

Nilidhani anatania. Akarudia mbele ya wote, polepole: “Bora ungezama nayo, bibie. Baba yako asingeiachia.”

Nikamjibu, “Baba alikuwa mrefu, Fiachra.” Wenzake wakacheka, ndipo akawaka. Eti kesho kamba ataishika shemeji yake.

Bora ungezama nayo. Mtu ambaye mwanawe nilimsimamia ubatizo.

Nimejaribu kumwelewa, nimeshindwa. Tundu la wavu bado linapitisha ndoo, nitalimalizia asubuhi. Maji yakianza kupwa watanikuta nimeshasimama kwenye tope, kamba nimeifunga kiunoni. Huyo shemeji aje aifungue.