Neno la Usiku na Sura Yako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha nisiingie kwa mtu bila kuamkia, basi naamkia.

Tangu tukuzike, reli imefika Dodoma. Gari moshi likipiga honi, mbuzi wa shangazi wanatimka, naye anabaki kulilaani mpaka lipotee. Ungecheka mpaka ukohoe. Mama hacheki. Kila jioni anakutengea ugali wako wa mtama, halafu anakumbuka, anaufunika.

Lakini kilichonitisha ni kingine. Nilianza kusahau sura yako, Baba. Sauti ninayo, hata harufu ya moshi kwenye kanzu yako ya upishi ninayo, ila nikifumba macho uso hauji. Na picha hukupigwa hata moja. Nililia, nikajiona mtoto wa bure kabisa.

Ndipo nikawakumbuka wageni wa yule pasta Mjerumani uliyempikia. Ulikuwa ukiwashikia taa wakienda kulala, wanakuaga kila mmoja kwa lugha yake, nawe unakuja nyumbani kutuigizia. Usiku kwa Mjerumani ni “naht.” Mwingereza, “nait.” Mswidi, “nat.” Na yule Kaburu wa magari ya ng'ombe, “nakh,” kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki wa Bahi. Sisi hoi kwa kicheko!

“Msicheke tu,” ukasema. “Hayo ni ndugu, tumbo moja.” Pasta alikuwa amekueleza kwamba yote yamezaliwa na neno moja la kale, ambalo hakuna aliyewahi kuliandika, na waliolisema walikufa zamani mno. Hata Wayunani na Wahindi wa kale walikuwa na binamu zake. Ukamuuliza, sasa mnamjuaje mama ambaye hakuna aliyemwona? Akakujibu kwamba wanawapanga watoto wake na kutazama wanavyofanana, maana kila mmoja amebaki na kipande chake. Mjerumani na Kaburu wamebaki na ile sauti ya kooni. Mwingereza ameiacha, ingawa kwenye maandishi bado anaiwekea nafasi yake.

“Kumbe nao wana mababu!” ulisema, ukaomba maji ya kunawa.

Juzi tulianua matanga. Nywele tulizoziacha tangu msiba zikanyolewa, na shangazi alishika wembe mwenyewe, akitugombeza tutulie. Tukakaa kwenye ngozi, vipara vitupu, nikawatazama. Kumbe kaka Chiduo ana paji lako, na mshipa wake! Mdogo wetu Nyemo ana masikio yako yaliyochomoza. Shangazi alipobinua midomo kukagua kazi yake, mdomo ulikuwa wako. Nikajipapasa shavu, nikakuta mfupa wako.

Ukaja, Baba. Mzima mzima. Nilipiga ukelele, wakadhani nimekatwa na wembe.

Mama alitutazama mmoja mmoja. Jioni aliuchukua ugali wako, hakuufunika. Akatumegea sote. “Kuleni,” akasema, “ni wa kwake.”

Chiduo anataka kuifuata reli, na Nyemo ameposwa mbali. Sitawazuia. Lakini nakuahidi, kila baada ya mavuno nitawaita nyumbani, tukae tena pamoja, ili wajukuu ambao hukuwaona wakujue.

Lala, Baba. Naht. Nait. Nat. Ile ya Kaburu nakuachia wewe.

Mwanao