Nyuzi Thelathini na Nane

Mbale, Alhamisi, Agosti 1995. Siku ya tisa ya mayai.

Na bado nasema kuna mtu anafungua sanduku langu la kutotolea vifaranga. Kila asubuhi mayai ni baridi na maji ya bakuli lililomo yamepungua, lakini kipimajoto kinasema nyuzi thelathini na nane, hakipandi wala hakishuki.

Leo nimemkabili shemeji Khainza, anayekaa kwetu tangu mwezi uliopita.

"Afande, mimi si mfungwa wako," akanijibu. "Sijagusa mayai yako." Akaenda jikoni kulia. Alilia upesi mno. Sikumwamini.

Jioni mke wangu akarudi kutoka zahanati, alikonipatia hicho kipimajoto. Akakitoa sandukuni, akakikung'uta mara tatu, akakirudisha. Tukangoja. Zebaki haikupanda hata kidogo.

"Hiki ni cha wagonjwa," akasema. "Usipokikung'uta, hakishuki."

Kumbe siku zote hizi nasoma joto la siku ya kwanza! Taa inayopasha sanduku ilikuwa ndogo kwa baridi ya usiku, basi, na maji hukauka yenyewe.

Khainza amekataa chakula. Kesho nitamwomba radhi.

Ila mke wangu ni muuguzi, na hupita mbele ya sanduku hilo kila asubuhi. Alingoja nini mpaka mdogo wake alie?