Sakafu ya Jiko la Mama

Rumonge, mwezi wa nne 1998

Kaka yangu mpendwa Asmani,

Assalamu alaykum, na amahoro, amani, kutoka kwetu. Barua uliyompa yule mfanyabiashara wa chumvi ilifika imelowa maji ya ziwa, lakini maneno yalisomeka. Nimefurahi kusikia homa imekuacha, na wifi yangu Esha amejifungua salama huko kambini Kigoma. Mimi mdogo wako naamka, natembea. Mume wangu Amissi anakusalimu, ingawa siku hizi hasemi mengi.

Umeuliza habari za jiko, tena ukatucheka: watu gani hawa wanaotengeneza jiko wakati wenzao wanafunga mizigo? Cheka tu, una haki. Ila hukuona Mama alivyokuwa akikohoa. Moshi haukuwa na pa kutokea, mabati yalivuja juu ya mafiga, na sakafu ya udongo ilikuwa mashimo matupu. Amissi naye useremala wake ulisimama, maana mbao haziji tena. Akasema heri mikono ifanye kitu kuliko kukaa kusikiliza bunduki.

Kabla ya kugusa chochote alituita mkekani tupange kazi. Alitaka kuanza na paa, kwa sababu mvua ingeharibu kila kitu kingine. Halafu atoboe ukuta wa upande wa barabara kwa ajili ya dirisha la moshi, apige plasta, na sakafu iwe ya mwisho, ili uchafu wa juu usiangukie simenti mpya. Mama alisikiliza huku akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, kisha akakataa. Alitaka sakafu kwanza, kwa kuwa wiki hiyohiyo alikuwa amejikwaa na sufuria ya moto. Akamwambia Amissi: "Ninyi munatazama juu, mimi nikianguka naanguka chini." Amissi alicheka hadi akafuta machozi. Wakapatana: paa, halafu sakafu, na ukuta mwisho.

Paa lilikwisha vizuri. Tukachimbua sakafu, tukabeba mawe kutoka mtoni, tukayapanga humo. Ilibaki simenti, na lori lililokuwa likiileta kutoka Bujumbura lilichomwa moto njiani, upande wa Minago. Dereva hakurudi. Amissi akashindwa kukaa bure. Akasema tunapongoja simenti nyingine, bora atoboe ukuta. Hivyo tukabaki na jiko lililo wazi chini na wazi ubavuni, dirisha tumeliziba kwa gunia. Mama alipika humohumo bila kukohoa. Alimwita Sikujua, jirani yetu Mukongomani anayeuza samaki, aje aone moshi unavyotoka. "Sasa iko jiko," akamwambia.

Kaka, hapa naomba ukae chini, na Esha akae karibu yako.

Asubuhi moja risasi zilianza kule kwenye michikichi juu ya mji. Sisi tulilala kifudifudi chumbani. Mama alikuwa jikoni, ameinjika maharage. Risasi moja ilipita kwenye lile gunia. Nilipomfikia alikuwa ameketi ameegemea ukuta, upawa mkononi. Aliniuliza kama maharage yanaungua. Nikamwambia hayaungui. Adhuhuri haikumkuta.

Mapigano hayakukoma siku ile wala iliyofuata, na njia ya makaburini haikupitika. Maalim Moussa wa msikitini alivuka uani kwetu ameinama, akasema kwa hatari kama ile tumzike mahali tunapoweza. Palipokuwa pamekwisha kuchimbwa ni pale jikoni tu. Amissi akatoa mawe yote, akaendelea kuchimba. Nilimwosha mwenyewe. Maduka yalikuwa yamefungwa, na Sikujua akaleta shuka lake jeupe, jipya, likawa sanda. Mama yetu yumo jikoni mwake, ameelekezwa kibla. Sikukuandikia mapema kwa sababu wewe ulikuwa na homa na Esha alikuwa na mimba, nikaogopa.

Tangu hapo Amissi anajilaumu kwa kutoboa ukuta. Nimemwambia si yeye aliyepiga risasi. Ananiitikia tu, "Ndiyo, Asiya," basi. Tunapika uani. Mvua ikinyesha, tunalala bila kula.

Simenti ilifika hatimaye. Nilikataa isimwagwe. Nilitaka amani ikija tumhamishie Mama makaburini, karibu na Baba, nawe uwepo, maana wewe ndiye mkubwa wetu. Lakini juzi askari walipita na amri: mtaa wote uhame, twende kambini upande wa Gatete kabla ya Ijumaa. Nyumba wataingia wengine, hatujui ni akina nani. Mtu atakuja achimbie mafiga yake humo bila kujua. Nilitaka nikuulize kwanza, ila jibu lako halitatukuta hapa.

Leo asubuhi Amissi alishika koleo. Sikumzuia. Yeye alikoroga simenti, mimi nilimimina maji. Tulianzia upande wa kichwa, tukamalizia mlangoni. Ikikauka tutafunga na kuondoka. Kumhamisha sasa hakutawezekana tena. Nisamehe kwa kuamua bila wewe.

Mpe Esha pole, na mtoto mshikeni vizuri. Msomeeni Mama dua huko mliko. Wala usije kututafuta, barabara haifai. Murakoze, asanteni kwa chumvi mliyotuma, tumeipata.

Ni mimi mdogo wako,
Asiya