Mvua ya Saa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua ng'ombe. Nimepika uji, Kendi hajaugusa. Tangu asubuhi yuko mezani na kompyuta ya marehemu kaka yake, Mwenda. Anasema anajenga. Sioni hata tofali.

Mwenda alikuwa anatengeneza kitu wanachokiita maktaba. Haina vitabu. Ni maagizo ya kompyuta ya kuhesabu mvua, wanasayansi wengine wayatumie. Alikufa hajamaliza. Mjukuu niliyemlea mwenyewe, mimi Cucu, bibi yake. Ndiye alinifundisha kuandika hizi herufi.

Jumanne, 4 Machi
Jengo la Kendi la kwenye kompyuta limekataa tena. Kuna kipande Mwenda alitumia, wenye kipande wamekibadilisha, hakishikani na vingine. Kendi anatafuta cha zamani. Wenzake Mwenda wa kazini wamesema maktaba isiposimama kufikia Ijumaa wataitupa, waandike yao. Jina lake pia litupwe. Nawachukia, na siwajui.

Alhamisi, 6 Machi
Kipande kimepatikana. Limesimama. Nikamwambia Kendi sasa kula. Ati bado mtihani. Kumbe hata kompyuta hupewa mtihani. Imepita yote ila mmoja, ule Mwenda aliandika mwisho kabla alazwe hospitali Meru. Ni wa mvua ya hapa kwetu Kanyakine. Kwenye mtihani mvua inaonekana asubuhi, na picha za angani za asubuhi hiyo hazina wingu.

"Cucu, pengine alikuwa amechoka, akakosea," Kendi akasema.

Nimemwambia afunge mdomo. Halafu nikampakulia githeri.

Ijumaa, 7 Machi
Kendi ameniuliza ile mvua ya kwenye mtihani, iliyoangusha migomba yetu, ilianza saa ngapi. Saa saba, nikasema. Amerudi kwenye mtihani. Mwenda aliandika saba, vile nilimwambia kwa simu. Kompyuta haijui saa zetu. Saba yake ni saa moja asubuhi. Mtoto wa chuo kikuu, akaandika saa ya nyumbani.

"Huyu alikuwa wako kabisa, Cucu." Kendi akacheka, kisha akalia mpaka leso yangu ikalowa.

Ameweka kumi na tatu, ndiyo saa saba ya mchana kwa kompyuta. Mtihani umepita. Ametuma, wamekubali. Jina limebaki.

Nilidhani nitafurahi. Nimeumia kama siku ya kuzika. Ile saba ilikuwa yangu na yake. Imefutwa.

Jumapili, 9 Machi
Kendi amerudi kazini Embu. Sikuenda kanisani. Mvua imeanza saa tisa. Nimesema kwa sauti, saa tisa, Mwenda. Nikaingiza majani ya ng'ombe kabla hayajaloa.