Waliniua Saa Saba, Wanifufue Saa Saba

Butimba, Mwanza

Mdogo wangu Mazigo,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, mitumbwi mitatu imezama nikiwa ndani, na sasa nimeishi hata baada ya tangazo la kifo changu mwenyewe. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. U mzima? Nywele ulizonyoa kwa msiba wangu zimeanza kuota?

Sasa sikiliza. Kesi nimeshinda.

Wale wa redio walipopata barua yangu walijibu kwamba wamekosea, watasahihisha saa kumi na moja alfajiri. Nikawaambia, mliniua saa saba mchana, Ukerewe nzima inakula ugali inasikia, leo mnifufue watu wamelala? Sikubali. Ndiyo malalamiko yakapanda mpaka kamati inayosikiliza kesi za redio, wakatuita wote.

Nilikwenda na tai. Nikaanza kueleza kwa sauti yangu ile unayoijua, mama mwenyekiti akasema, "Babu, kaa kwanza. Hapa tunaanza na kilichosikika hewani." Kumbe redio inatakiwa itunze kila inachotangaza! Karani akawasha mkanda. Mazigo, nikasikia jina langu, la baba yetu, na lako wewe mfiwa. Nikalegeza tai. Binti yangu Tabu akanishika mkono.

Mama akamuuliza meneja wa redio, "Barua ya mwenyekiti wa kitongoji iko wapi?" Hakuna. "Hospitali mliuliza?" Hawakuuliza. Kisha akanigeukia. "Na wewe babu, kule hospitali ya Sengerema ulitoka kwa ruhusa ya nani?" Hapo nikakohoa. Nikasema uji wao hauna sukari. Watu wakacheka, hata meneja.

Basi usimgombeze tena mwanao Bwire. Alikuta kitanda changu kimetandikwa upya, mimi nimeshapanda kivuko bila kuaga mtu, akadhani nimekufa, akalia, akawapigia redio. La kutoroka ni langu. La kutouliza ni lao. Kamati nayo imesema hivyo hivyo, ila sikutaka kukuandikia hilo la kosa langu.

Niliomba mtangazaji afukuzwe, wakakataa, eti adhabu ilingane na kosa. Lakini saa yangu wamenipa. Jumapili, saa saba mchana, sauti ile ile iliyoniua.

Msalimie shemeji, mkeo, arudishe kiti changu. Msalimie mjomba wake Bwire aliyechimba kaburi langu. Shimo zuri lile, apande mgomba.

Ukibisha, muulize Tabu, au karani aliyewasha mkanda, alinipa na maji. Kama wote hao huwaamini, ngoja Jumapili. Weka betri mpya, na umwite Bwire akae karibu na redio.

Ni mimi kaka yako, mzima kabisa,
Malegesi